Chaja tatu, pakiti moja: taa ya kijani ilikuwa inasema nini?

Karakana hii iko Keko, Dar es Salaam. Jina lake halina kazi hapa, kwani ukiingia nyingine za mtaa ule utakuta rafu ileile yenye chaja zilezile. Wanatengeneza makabati ya jikoni na vitanda. Mbao hukatwa na kurandwa palepale kwa mashine za waya, lakini kabati hufungwa kwa mteja, Goba au Kigamboni, kwenye nyumba ambayo mara nyingi haijaingizwa umeme au inavuta kwa jirani. Kazi hiyo ni ya drili ya betri. Ndiyo maana betri ikigoma jioni, na kazi ni kesho asubuhi, watu hukosa subira.

Pakiti iliyoleta kesi ilikuwa ya volti 18, ampea-saa 5, ya lithiamu. Ilinunuliwa ya mtumba pamoja na drili yake, baada ya kukaa stoo muda mrefu bila kuchajiwa. Alhamisi ilirudi kutoka saiti ikiwa imeisha, ikawekwa kwenye chaja yake ya haraka, na chaja ikakataa: taa nyekundu na kijani zikawa zinapokezana. Ikatolewa, miguu yake, yaani vyuma vinavyogusana na chaja, ikafutwa kwa kitambaa, ikarudishwa. Jibu lilikuwa lilelile. Kijana aliyetakiwa kwenda Goba kesho yake akaamua kwamba chaja ndiyo mbovu. Rafuni palikuwa na adapta ya volti 21, ile yenye pini ya duara, iliyokuja na drili ya bei nafuu. Akakata pini, akamenya waya mbili, akazibana kwenye chanya na hasi ya pakiti. Taa ya adapta ikawaka nyekundu. Asubuhi ilikuwa kijani.

Goba, drili ilifunga skrubu chache ikakata. Jumamosi jioni pakiti ikarudishwa kwenye waya zile, safari hii ikaachwa usiku kucha na sehemu ya Jumapili, hadi mlinzi aliposikia harufu ya plastiki akachomoa plagi. Haikuwaka. Kwenye sakafu yenye vumbi la randa, hiyo ni bahati tu, na mwenye karakana alilijua hilo kabla sijamwambia.

Malalamiko yaliyonifikia yalikuwa mawili: chaja ya haraka imekufa, na betri ya mtumba ni feki. Yote mawili hayakuwa kweli. Kati ya vifaa vyote vilivyoletwa mezani, chaja ya haraka ndiyo pekee iliyokuwa imefanya kazi yake sawasawa.

Ndani ya pakiti

Pakiti ya lithiamu ya volti 18 ina ngazi tano zilizofuatana. Kila ngazi ina volti 3.6 za kawaida, na ikijaa hufika 4.2, kwa hiyo pakiti nzima iliyojaa ni volti 21. (Wamarekani huandika volti 20 kwenye pakiti za namna hii hii; ni seli zilezile tano, tofauti ni ya lebo.) Pakiti ndogo ina seli moja kwa kila ngazi. Hii ya ampea-saa 5 ilikuwa na seli kumi, mbilimbili sambamba.

Nilipima chanya na hasi ya nje nikapata volti 20.6. Fundi anayeishia hapo atasema betri ni nzima na imejaa. Nikafungua nikapima ngazi mojamoja: 4.36, 4.35, 4.37, 4.34, na ya mwisho 3.18. Jumla ni 20.6 ileile, lakini sura imebadilika kabisa. Ngazi nne zimejazwa kupita kikomo chake, na ya tano iko karibu na utupu. Plastiki ilikuwa imelainika upande wa ile ya tano.

Ilifikaje hapo? Pakiti ilikaa stoo muda mrefu ikiwa chini. Bodi ya elektroniki iliyo ndani hunywa umeme kidogo kidogo hata pakiti isipotumika, na kuna pakiti ambazo bodi hunywa zaidi kutoka ngazi moja kuliko nyingine. Ngazi hiyo ikishuka chini ya volti 2.5 hivi na kukaa huko miezi, seli zake huanza kuharibika ndani na kuvujisha umeme zenyewe kwa zenyewe. Ukiichaji, haibaki na ulichoipa. Basi siku ya Alhamisi chaja ya haraka iliuliza pakiti hali yake, ikaona ngazi moja iko mbali na wenzake, ikakataa. Taa za kupokezana zilikuwa ndizo ripoti yenyewe.

Adapta haikuuliza kitu. Yenyewe inajua jambo moja: kusukuma hadi jumla ya nje ifike volti 21. Kwa kuwa ngazi ya tano haikupanda, volti zake zilizopungua zilibebwa na zile nne. Na kwa kuwa ile ya tano ilikuwa inavuja, kila iliposhuka kidogo adapta ilijaza pengo kwa kuwapandisha wenzake zaidi. Ndiyo sababu usiku wa Alhamisi ulipita salama na wa Jumamosi haukupita: muda ulikuwa mrefu, na adapta ya aina hii haikati. Hushikilia volti zake hadi uichomoe.

Sasa ile taa ya kijani. Kwenye adapta nyingi za bei nafuu, taa hupima mkondo unaotoka: mkondo ukiwa mkubwa ni nyekundu, ukishuka chini ya kiwango fulani ni kijani. Basi. Chomeka adapta kama hiyo ukutani bila betri yoyote, itawaka kijani, nayo haijajaza chochote. Ukiunga waya vibaya, au seli ikakatika ndani, utapata kijani pia. Kijana aliisoma kama «imejaa», na simlaumu, maana kwenye simu yake kijani humaanisha hivyo.

Chaja moja moja

Kinachotofautisha chaja za zana, kwa macho yangu, ni namna kila moja inavyojua wakati wa kuacha. Kasi na volti huja baadaye. Ukilijua hilo, rafu ya karakana hii inasomeka vizuri.

Ya kwanza ilikuwa nzito, ya transfoma, ya drili ya zamani yenye betri ya mguu mrefu unaoingia ndani ya mpini. Hiyo ni nikeli-kadmiamu, kemia iliyobeba drili za betri tangu Black & Decker walipotoa ya kwanza mwaka 1961 hadi lithiamu ilipoingia: mwaka 2005 kampuni ya Milwaukee ilileta zana za volti 28 na Makita za volti 18. Umoja wa Ulaya ulizuia kadmiamu kwenye betri mpya za zana mwishoni mwa 2016, kwa hiyo ukikuta drili ya namna hiyo kwenye mzigo wa Ulaya umri wake unaukisia. Chaja zake za polepole hazijui kuacha hata kidogo. Hutoa mkondo wa takriban sehemu moja ya kumi ya uwezo wa betri, wewe ndiye unayehesabu saa 14 hadi 16, na ukisahau, betri huvumilia kwa kupasha joto kidogo. Uvumilivu una mwisho, lakini usiku mmoja wa ziada hauiui.

Chaja za haraka za nikeli-kadmiamu zina akili ya aina nyingine: betri ikijaa, volti zake hushuka kidogo badala ya kupanda na joto hupanda ghafla, chaja ikiona dalili hizo huacha. Hapa ndipo hatari ya kuchanganya chaja inapojificha. Lithiamu haishushi volti ikijaa. Chaja inayosubiri mshuko huo itaendelea kusubiri huku ikisukuma. Isitoshe, volti 18 za nikeli ni seli 15 za volti 1.2, na wakati wa kuchaji seli hizo zinaweza kuvuka jumla ya volti 22, wakati lithiamu ya volti 18 kikomo chake ni 21. Namba moja kwenye lebo, mahitaji mawili. Wenye viwanda hufanya miguu ya betri isilingane makusudi. Fundi mwenye kisu na waya huishinda kinga hiyo kwa dakika tano.

Ya pili ndiyo ile ya haraka iliyoshutumiwa. Chaja ya lithiamu ya zana hufanya kazi kwa awamu mbili: kwanza hutoa mkondo usiobadilika huku volti zikipanda, kisha ikifika kikomo hushikilia volti na kuacha mkondo ushuke wenyewe, halafu hukata kabisa mkondo ukiwa mdogo. Kabla ya yote hayo huangalia kihisi joto ndani ya pakiti. Nyingi hazichaji pakiti iliyozidi nyuzi 45 au 50 hivi, wala iliyo chini ya sifuri, ingawa hilo la pili si tatizo la Keko. Pakiti iliyotoka kutoboa mbao ngumu, au iliyoachwa kwenye dashibodi mchana, hufika huko kirahisi, na chaja hungoja ipoe. Kungoja huko nako huitwa ubovu na watu wenye haraka.

Kasi zenyewe zinatofautiana sana. Makita DC18RC yenye feni hujaza pakiti ya ampea-saa 3 kwa dakika 22. DC18SD, isiyo na haraka, huchukua dakika 60 kwa pakiti hiyohiyo. Kwa DeWalt, DCB107 hutoa ampea 1.25, DCB115 ampea 4, DCB118 ampea 8. Feni haimo humo kwa urembo: ampea 8 au 9 kuingia kwenye kibuyu kidogo cha plastiki ni joto, na kwenye ile ya Makita hewa hupulizwa kupita ndani ya pakiti yenyewe. Chaja ya asili pia husoma chipu ya pakiti na kupunguza mkondo kwa pakiti ndogo. Chaja ya kuigiza inayompa kila mmoja ampea zilezile ndiyo inayochosha pakiti za ampea-saa 1.5 haraka kuliko kazi inavyozichosha.

Kuna jambo jingine ambalo mafundi wengi wa mtaani hulipita, na kwangu ndilo lililoamua kesi hii. Ubongo wa ulinzi haukai mahali pamoja kwa kila kampuni. Kwenye pakiti nyingine, bodi ya ndani ndiyo inayojua kukata. Kwenye nyingine pakiti ni karibu bubu, na anayelinda ni chaja au drili kupitia miguu ya katikati. Angalia pakiti ya DeWalt ya volti 18: kati ya B+ (chanya) na B− (hasi) kuna C1 hadi C4, na TH ya joto. Miguu hiyo ya C ni macho ya chaja kwenye ngazi mojamoja. Ukibana waya mbili kwenye chanya na hasi peke yake, macho yote umeyafumba, hata kama volti zako ni sahihi hadi tarakimu ya mwisho.

Adapta ya pini ya duara, ya tatu, imejengwa kwa imani kwamba ulinzi uko ndani ya pakiti yake. Drili iliyokuja nayo ina bodi inayotakiwa kukata ngazi yoyote ikizidi, na adapta ni chanzo tu cha umeme wa volti 21. Pamoja ni mfumo, hata kama ni wa bei ya chini. Ukiichukua adapta peke yake kwenda kwa pakiti ya kampuni nyingine, unachukua nusu ya mfumo, tena nusu isiyojua kitu.

Chini ya rafu, ndani ya boksi, palikuwa na ya nne ambayo hakuna aliyeitaja. Ilitoka Marekani, lebo yake imeandikwa volti 120, herzi 60. Ilichomekwa kwa plagi ya kubadilisha umbo, ikapiga kelele mara moja. Watu wamezoea chaja za simu zinazokubali volti 100 hadi 240, wakadhani chaja zote ziko hivyo. Chaja nyingi za zana haziko hivyo. Umeme wetu wa volti 230 hupanda kilele cha volti 325 hivi kwenye kila wimbi, na kapasita ya kuingilia kwenye chaja ya Kimarekani imetayarishwa kwa kilele cha karibu 170. Hiyo kelele ni kapasita. Transfoma ya kushushia volti ingesaidia, ila soma kitabu kwanza: vitabu vya chaja za Makita, kwa mfano, vinakataza kuchajia kwenye transfoma ya kupandisha volti, kwenye jenereta au kwenye umeme wa moja kwa moja. Katazo la jenereta ndilo linalowagusa zaidi wanaofunga makabati Goba, maana wengi huchajia hukohuko kwenye jenereta ndogo ya petroli ambayo volti zake hupanda na kushuka kila msumeno unapowashwa.

Tulichoamua

Pakiti nimeikataa. Mwenye karakana alitaka nibadilishe ngazi moja iliyokufa, akijua kwamba seli za kununua rejareja zipo mjini. Ningeweza kulehemu, lakini zile nane nyingine zilikuwa zimeshakaa juu ya volti 4.3 kwa saa nyingi, na seli iliyolazimishwa hivyo haionyeshi madhara yake siku hiyo. Seli mbili mpya kati ya nane zilizochoka zingeleta tena ngazi zisizolingana. Zaidi ya hapo, pakiti nyingine zikishakataliwa na chaja mara kadhaa hujifunga kupitia chipu yake, na kubadilisha seli peke yake hakuifungui.

Tulibishana zaidi juu ya chaja ya kununua. Yeye alitaka ya haraka yenye nafasi mbili. Mimi nikasema anunue pakiti ya pili na chaja ya kawaida ya kampuni hiyohiyo, ya ampea 3 au 4. Sababu yangu ni ratiba yao. Drili zao hufanya kazi mahali pasipo na umeme, kwa hiyo dakika 22 hazimwokoi mtu Goba. Kinachomwokoa ni pakiti ya pili mfukoni. Jioni, kati ya kurudi saiti na kufagia karakana, ampea 4 zinatosha kujaza ampea-saa 5 kwa saa moja na nusu hivi, pakiti ikiwa baridi na watu wakiwa macho. Karakana inayofanya kazi kwenye umeme siku nzima kwa msumeno wa betri ningeishauri tofauti, hapo chaja ya haraka inalipa. Hakukubali papo hapo. Aliuliza na gharama ya umeme pia, na hilo lilikuwa rahisi: pakiti ya volti 18 na ampea-saa 5 ni wati-saa 90, hivyo uniti moja ya LUKU, yaani wati-saa 1,000, hujaza pakiti nane au tisa hata ukihesabu unaopotea kama joto.

Mahali pa kuchajia pamehama kutoka rafu ya mbao kwenda kwenye sakafu ya saruji karibu na mlango, mbali na maranda, na hakuna pakiti ya lithiamu inayobaki kwenye umeme karakana ikifungwa. Ikitokea moshi, kinachofuata ni kuzima swichi ya ukutani, kuisukuma pakiti nje ikiwa bado inawezekana, na kuimwagia maji mengi. Mchanga, ambao wengi huukimbilia, huficha moto lakini haupozi seli, nayo seli iliyo moto huweza kuiwasha jirani yake.

Adapta imerudishiwa pini yake na kurudi kwa drili yake. Kabla ya hapo niliipima bila mzigo, ikatoa volti 21.1, kisha nikajaza pakiti yake na kuifungua: ngazi zote zilikuwa kati ya 4.17 na 4.20. Kwa pakiti hiyo adapta haina shida. Nikaweka mkanda wenye maandishi kwamba ni ya drili hiyo tu.

Ile nzito ya transfoma mwenye karakana amekataa kuitupa, na sikumshawishi. Drili yake ya nikeli-kadmiamu bado inazungusha skrubu za vitanda, na chaja isiyojua kuacha inafaa kwa betri inayovumilia, mradi mtu aweke kengele kwenye simu.

Kuhusu chaja ya haraka, niliiwekea pakiti nyingine ya kampuni yake, nzima. Ikaipokea, feni ikazunguka, ikajaza, ikakata. Sikufungua hata skrubu yake moja. Nilichomwachia kijana ni utaratibu wa siku itakapokataa tena: aishike pakiti kwa mkono, kama ni ya moto aipe nusu saa kivulini, afute miguu, ajaribu pakiti nyingine kwenye chaja hiyohiyo, na pakiti hiyo kwenye chaja nyingine ya kampuni hiyohiyo kama ipo. Kosa likimfuata pakiti, pakiti iletwe ipimwe ngazi kwa ngazi. Likibaki kwenye chaja, ndipo tutafungua chaja.